Ufunguo wa Laini ya Chini

Jumapili, 2 Februari 2025

Pasta Njagi ametangaza wiki mbili za kuombea mvua. Ruiri yote ni vumbi. Hata Biblia yangu ina vumbi.

Nimeongoza maombi kama kawaida. Mwaka wa kumi na moja sasa. Watu wanaandika haja zao kwa vikaratasi bila jina, wanatia kwenye kiondo mlangoni, mimi nasoma, kanisa linaitikia "Bwana, utusikie." Sheria ni moja tu – nisome kilichoandikwa.

Leo kimoja kilisema: "Ombeeni maji ya laini ya chini. Valvu imefungwa na kufuli tangu Krismasi." Mimi nikasoma: "Tuombee mvua." Ilitoka yenyewe! Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini, nimezoea kusahihisha. Watu wakaitikia. Mzee Kailemia, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa mradi wa maji, aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu, 3 Februari

Kikaratasi bado kiko kwa mkoba. Mwandiko naujua. Ile g yenye mkia mrefu – Kiende, dawati la mbele, 1998. Nilimchapa kwa sababu ya huo mkia, na mkia ukabaki. Sasa ni mama wa watoto watatu, analima vitunguu kule chini.

Alhamisi, 6 Februari

Mgao wa maji hata mtoto anaujua. Jumatatu hadi Jumatano, laini ya juu. Alhamisi hadi Jumamosi, laini ya chini. Jumapili tangi kuu linajaa.

Leo ni Alhamisi. Nimeamka nikakuta tangi langu linamwagika. Mimi niko laini ya juu. Linamwagika kila Alhamisi tangu Krismasi, na mimi nimekuwa nikisema Mungu ni mwema.

Nimepanda hadi kwenye valvu. Dakika ishirini, magoti yakilalamika. Kisanduku cha simiti, kifuniko cha chuma, kufuli mpya. Ng'ambo ya ua, kabichi za Mzee Kailemia zinanyunyiziwa maji saa sita mchana, jua la utosi. Kabichi nzuri. Lazima niseme ukweli – nzuri sana.

Ijumaa, 7 Februari

Mzee Kailemia amekuja na kabichi mbili. Nimempa chai. Anaenda Embu kwa binti yake Maxine, anayekaa mtaa wa Dallas huko huko mjini. Mjukuu anabatizwa Jumapili. Yeye mwenyewe atarudi Jumatatu. Ameniachia ufunguo wa ile kufuli, ili paipu ya juu ikipasuka nifunge maji humo humo kisandukuni.

"Ni wewe naamini, Mwalimu. Hawa wengine wakishika hii ufunguo, watasema maji ni yao."

Sikumwambia kwamba ni yao. Nilimuuliza kama sukari inatosha.

Nikauliza pia kufuli ni ya nini. Akasema maji ni kidogo, yakigawanywa yataishia njiani, afadhali wachache washibe. Halafu wakati wa kuondoka akasema vile vikaratasi vya kanisa nimwonyeshe kwanza. "Kanisa si baraza ya maji."

Huyu ndiye aliyesimamia mazishi ya mume wangu. Alichimba kaburi kwa mikono yake, shati limelowa jasho. Siwezi kumchukia. Nimejaribu kidogo, baada ya chai.

Jumamosi, 8 Februari

Kiende amepita na punda na mitungi minne. Anachota kwa Roble, yule wa duka la dawa za mifugo hapo sokoni. Roble amewaambia watu wa chini wachote bure kwa tangi lake mpaka mvua inyeshe. Roble hajui hata wimbo wetu mmoja.

Nikamkaribisha. Alikataa kuketi.

"Mwalimu, karatasi yangu mlisoma?"

Nikamjibu kwamba nilisoma mvua.

"Mimi sikuandika mvua. Mvua nitamwambia Mungu mwenyewe. Hii maji iko, imefungwa na mtu. Na vitunguu yangu haiwezi maliza wiki ingine. Ikikauka, mimi sina kitu mpaka Agosti."

Punda alikuwa anakunywa dimbwi lililo chini ya tangi langu. Sote wawili tuliona. 

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa aproni. Sikumwambia. Naona haya kuliandika hilo, lakini nimeliandika.

Jumapili, 9 Februari

Kiondo kimejaa leo! Kikaratasi cha kwanza: "Ombeeni maji ya laini ya chini. Valvu imefungwa na kufuli." Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu. Nikavipekua haraka – vyote. Miandiko tofauti, na yote naijua, ni wanafunzi wangu.

Pasta Njagi aliniinamia akaninong'oneza. Nifupishe, niseme mvua, Mungu anaelewa.

Kiende alikuwa safu ya tatu. Ananitazama kama siku za kurudisha mitihani.

Nikasoma. Kama kilivyoandikwa. Bwana, utusikie. Nikasoma cha pili. Bwana, utusikie. Vilikuwa arobaini na kimoja na sikuruka hata kimoja. Kufika cha kumi watu walianza kusimama. Kufika cha ishirini sauti yangu ilikuwa imekauka, na mkoba umenilemea begani. Tulikuwa tunamwomba Mungu kitu nilichokuwa nacho kwa mkoba, chini ya leso. Niliogopa. Sikumbuki mara ya mwisho kuogopa kanisani.

Pasta akasema amina, akatoka kwa mlango wa kando.

Nje hakuna aliyeniuliza chochote. Kiende alinisalimia kwa mikono miwili.

Saa nane. Mzee Kailemia amepiga simu. Ameshaambiwa. Ameacha sherehe, yuko njiani. Ufunguo nisimpe mtu.

Sijampa mtu. Nimekula. Nimeosha vyombo. Nimeviosha tena.

Saa kumi na nusu. Nikifungua, tangi langu litakaa siku tatu kila wiki bila tone, na mtu aliyemzika mume wangu hatanisalimia tena. Nisipofungua, vitunguu vya Kiende vimekwisha, na Jumapili ijayo nitasimama pale mbele na kiondo. Kusema nini? Nimeandika hivi kama hesabu ya ubaoni. Si hesabu ngumu. Hilo ndilo linaloniudhi – hata Alhamisi haikuwa ngumu.

Nimevaa gambuti.

Pikipiki imezimwa langoni. Ni yeye, kile kikohozi chake.

"Hodi, Mwalimu!"

Mlango wa jikoni unatokea kwenye njia ya kupanda kwenye valvu. Ufunguo uko mkononi, unanisumbua nikiandika.

Amebisha tena. Nafunga daftari, natokea kwa mlango wa jikoni.