Leseni ya Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Mjukuu wangu Idi,

Shikamoo yako kutoka Marui nimeipokea, ingawa umenipita kimo na mimi bado navaa sare ya shule. Ukoo umenifanya bibi yako, nitafanyaje? Huku mtaani kwetu Picha ya Ndege tu wazima.

Umeuliza mtu anamwambiaje mkubwa, kama baba yake, neno lililomkwama kooni. Likizo iliyopita niliweka programu ya mauzo katika duka la mbegu la kaka yangu, yaani babu yako. Seva ilikuwa na leseni, yaani ruhusa, za kompyuta tano tu, nazo zilikuwa sita. Kwa heshima nilianza na ya kaka, ile iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ya mwisho, ya Mwajuma, muuzaji wa dirishani, ikakataa. Ilikuwa siku yake ya mwisho ya majaribio ya kazi, na foleni ilizidi kurefuka.

Nilisimama mlangoni kwa kaka. Feni ya seva ilivuma taratibu, vumbi la mahindi likaelea kwenye mwanga, nikatamani nami nielee tu.

“Shikamoo kaka. Leseni yako… naomba nimpe Mwajuma.”

“Marahaba. Hiyo mashine nimewahi kuiwasha?”

“Hapana.”

“Sasa ulinipa ya nini?”

“Wewe ndiye mkubwa.”

Akacheka hadi miwani ikamteleza. “Mkubwa hutangulia kwenye sinia, mdogo wangu. Haya, kimbia!”

Nikaiondoa leseni kwake, nikaihamishia dirishani. Skrini ikawaka. Mwajuma akaita, “Anayefuata!”

Idi, nenda kasimame mlangoni kwa baba yako. Hata ukikaa kimya kwanza, simama.

Bibi yako wa kidato cha tatu,
Zuhura