Kifutu wa Jumapili

Mdogo wangu Masanja,

Marahaba, maana naamini shikamoo umenitolea moyoni hata kama simu zangu hupokei. Mama anaendeleaje na miguu? Tumbaku yenu imekauka vizuri? Huku Geita mimi na wanangu, Kulwa na Doto, tu wazima, na bado nawapikia wachimbaji. Ila silali vizuri, na sababu ni wewe.

Ule mtandao mpya ulipofika hapa machimboni hakuna aliyeutaka. Kila mtu alikuwa na mitandao yake aliyoizoea. Ndipo video yako ukicheza ngoma na chatu ikatokea huko, na huko peke yake. Kuiona mpaka mwisho, lazima ujiunge. Kuipigia kura, lazima ualike wengine watatu. Bagika wenzetu, wacheza ngoma wa upande wetu, wakajiunga ili ngoma yetu ishinde. Bagalu, wapinzani wetu wa tangu enzi za mababu, kwa kutokubali kushindwa na sisi, nao wakajiunga. Nami dada yako mwenye kiherehere, sikumpa mtu sahani mpaka ajiunge mbele ya macho yangu. Wiki mbili hazikuisha, hata mwenye duka la vipuri na mama yake mzee walikuwa ndani.

Sasa chatu wamemchoka. Bagalu wameleta swila, watu wakahamia kwao, na wa kwetu wakaanza kuandika kwamba huyo chatu wako ni kamba tu. Nawe ukaingia kichwa kichwa. Umetangaza kwamba Jumapili utacheza hewani na kifutu aliyekamatwa juzi, na meno yake yote ya sumu! Masanja, umerukwa na akili? Baba alikaa na nyoka msimu mzima kabla ya kumtoa uwanjani, na watazamaji wake walikuwa majirani. Angeyumba, wangemkimbilia. Hawa wa kwenye simu watakusaidia nini?

Jana mteja wangu mmoja, mzee mpole anayeponda mawe, alipokea uji akasema, "Wabeja, Mama Kulwa. Jumapili hiyo tutaona."

"Mtaona nini?" nikamuuliza.

Akainamia kikombe chake, akakimaliza upesi, akarudi kwenye mawe yake. Huyo ni Mgika mwenzetu, na mimi ndiye niliyemwalika. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kweli.

Barua hii namkabidhi dereva wa fuso anayekuja Ushetu kuchukua tumbaku, maana karatasi huwezi kuizima. Msalimie mama, lakini haya usimsomee. Msalimie wifi yangu, na mwanao mwambie shangazi yake anamkumbuka.

Mwenye banda la video ameniomba nipike Jumapili, kwa kuwa watakuja watu wengi kukutazama. Chakula kingi namna hiyo nimewahi kukipika mara moja tu, kwenye msiba wa baba. Nimekataa. Nawe kataa.

Dada yako,
Mama Kulwa