Betri Iliyokwenda Kilioni

Salamabila, kwa Baba Mkubwa

Mama yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Nakusalimu wewe kwanza, kisha nausalimu mguu wako. Ulipopiga simu mara ya mwisho ulisema umevimba tena baada ya kutoka shambani, nami sikuuliza zaidi kwa sababu duka lilikuwa limejaa watu na wote walikuwa wananisikiliza. Umepungua? Unaukanda kwa maji ya moto na chumvi? Na bibi yetu Koko, bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala. Kwa upande wa mwili sina la kulalamika.

Barua hii nampa Papa Riziki, yule mwenye pikipiki anayeleta vitambaa huku. Pikipiki yake isipoharibika kule Wamaza, utaipata mapema. Nakuandikia kwa sababu kuna neno ambalo siwezi kulisema kwa simu, na hapa nyumbani siwezi kulisema kabisa.

Unakumbuka mapatano yetu. Baba Mkubwa alisema mbele yako kwamba mtoto amemaliza shule, uwezo wa kumpeleka Kindu kusoma umeme haupo, basi aje amsaidie dukani. Mkono wake ukionekana mzuri, atabaki kwenye meza ya ufundi. Usipoonekana, atatoka na Mama Mkubwa kuwauzia chakula wachimbaji. Wewe ulinifungia nguo zangu na ukasema mkono wangu utaonekana tu.

Haukuonekana haraka. Watu wanaleta simu kuchaji, sawa, hiyo hata kipofu anaweza kuipokea. Lakini simu ikiharibika, mwenyewe anaangalia nyuma yangu.

“Fundi iko wapi?”

“Ni mimi, Papa.”

“Hapana, mutoto. Fundi mwenyewe.”

Na mimi unanijua, naona haya kubishana. Zaina, binti wa Baba Mkubwa, ndiye aliyekuwa akinijibia: “Fundi mwenyewe ndiye huyu, na ukiendelea kumutisha atakufungia simu kinyumenyume!” Wanacheka, wanaondoka na simu yao.

Ndipo nilipofikiri mashine ya kuangulia mayai. Huku kuku ni shida, wengi wanaletwa kwa pikipiki, miguu imefungwa, wanafika nusu wamekufa. Baba Mkubwa alipenda sana wazo hilo. Alisema, “Mwamini, vifaranga wakitoka, meza ni yako. Sitaki maneno mengine.” Wanawake wa mtaa wakaleta mayai ya kuku wao, kila mmoja ameweka alama yake kwa mkaa: huyu msalaba, huyu duara, huyu mistari miwili.

Nieleze kidogo ilivyokuwa, ili uelewe yaliyofuata. Sanduku la mbao, ndani nimelizungushia sponji ya godoro la zamani. Humo kuna taa za gari za kutoa joto na feni ndogo ya kulisambaza. Halafu kuna ile kadi niliyopewa na mwalimu wangu wa fizikia, unayoijua, ndogo kama kiberiti. Kadi ndiyo ubongo. Inapima joto na kuliandika kwenye kioo chake. Joto likishuka inaamrisha taa ziwake, likizidi inaamrisha zizime. Lakini kadi ni dhaifu, haiwezi kubeba taa yenyewe. Inaamrisha rele. Rele ni swichi ambayo umeme unaivuta badala ya kidole cha mtu, nayo ikivutwa inalia “tak”.

Mwanzoni niliilisha kadi na rele kutoka betri moja ndogo. Ikawa vurugu. Rele mbili zikivutwa pamoja, ya taa na ya feni, zinanyonya umeme kwa ghafula, kadi inakosa chakula, inazimia. Ikiamka imesahau kila kitu, inaanza upya, inaamrisha tena, inazimia tena. Tak, tak, tak, kutwa.

“Mashine yako iko na kwikwi,” akasema Baba Mkubwa.

“Ipe maji inywe!” akasema Zaina.

Nilikaa nayo mpaka nikaelewa kwamba hao wawili hawawezi kula sahani moja. Basi nikawatenga. Kadi nikaipa betri zake ndogo nilizotoa kwenye simu zilizokufa. Rele, taa na feni nikazipa ile betri kubwa ya lori iliyokuwa nyuma ya duka, pamoja na paneli yake juu ya bati. Nyaya za hasi tu ndizo nilizoziunganisha, ili rele isikie amri ya kadi. Tangu hapo kwikwi ikaisha. Joto likasimama mahali pake kama maji kwenye mtungi. Mama, nilifurahi mpaka nikaogopa.

Baba Mkubwa alitaka kujua nimefanyaje, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Akajifunza vizuri. Kila mteja alimvuta mpaka kwenye sanduku: “Ona akili ya mutoto wa ndugu yangu. Ubongo iko na betri yake, tumbo iko na betri yake.” Aliyasema hayo mara nyingi, nami nilikuwa nainama kwa haya huku moyo unacheka. Nilipomulika mayai kwa tochi ya simu niliona mishipa, na ndani kitu kinachezacheza.

Halafu akafariki Mama Hadija, mke wa Mzee Asumani, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akitufundisha Kurani sisi wasichana. Mtaa wote ulihamia kwao. Unajua ilivyo kwenye kilio: nyumba hii inatoa viti, ile inatoa mikeka, nyingine masufuria, na wasichana wanakwenda kuteka maji, kumenya mihogo na kulala hukohuko mpaka matanga yaishe. Nikaenda na mimi. Nilimwomba Zaina, kila anaporudi nyumbani kuchukua kuni, achungulie mashine.

Siku ya kwanza akarudi. “Iko bien, inawaka.” Siku ya pili akarudi tena. “Nimekuambia inawaka! Unataka niibusu?”

Mchana wa siku hiyo ya pili nilipeleka ndoo ya maji upande wa wanaume, walikokuwa wazee na misahafu yao. Kulikuwa na kipaza sauti, na sauti ya msomaji ilikuwa inakwenda mbali sana. Nikatazama chini ya kipaza sauti. Betri ya lori. Mpini wake umefungwa ukanda wa mpira wa tairi, niliufunga mimi kwa mkono wangu.

Ningefanyaje, Mama? Nipite katikati ya wazee, niinue betri, sauti ikatike katikati ya aya, marehemu hajatimiza hata siku mbili kaburini? Niliweka ndoo chini. Nilitembea polepole mpaka nje ya ua, na nilipofika barabarani nikakimbia.

Zaina hakunidanganya. Mashine ilikuwa inawaka. Kioo kilikuwa kinang'aa vizuri kwa betri zake ndogo, na tarakimu zilizokuwa juu yake zilikuwa za baridi ya chumbani tu. Kadi ilikuwa hai kabisa. Ilikuwa inaamrisha taa ziwake, inaamrisha, inaamrisha, na hakuna kilicholia tak. Zamani, betri ilipokuwa moja, ikiondoka kila kitu kinazimika na hata mtoto angepiga kelele. Mimi ndiye niliyezitenganisha.

Nilichomoa simu za watu kwenye chaji, nikachukua moja ya betri za duka, nikaunganisha. Taa zikawaka, joto likapanda. Nikamulika mayai moja moja. Karibu yote yalikuwa na kivuli tu ndani, kinalala upande ninaougeuzia. Mashine sikuizima. Niliendelea kugeuza mayai asubuhi na jioni mpaka siku ya kuanguliwa. Yai moja, la alama ya duara, lilitoboka kidogo, nikasikia mlio mwembamba. Nikamwita Zaina, tukashikana mikono. Halikuendelea. Siku ya pili yake nilipolivunja, kifaranga alikuwa ameshakauka.

Wanawake wakaja kuulizia. Mama Sifa alisimama mlangoni akasema kwa nguvu ili wengine wasikie: “Mwamini, kuku wangu ananiuliza watoto wake, nimujibu nini?” Wakacheka, si kwa ubaya, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Jioni hiyo Baba Mkubwa aliniita barazani. Mzee Asumani alikuwa amekuja kurudisha betri na kushukuru, anakunywa chai.

“Mwamini, binti yangu,” Baba Mkubwa alisema, taratibu, hakuniinulia sauti hata kidogo, “si kosa lako. Mashine yenyewe nimeiangalia mimi, haikuzimika hata siku moja. Ilikuwa inawaka mpaka mwisho. Kama imewaka vile na mayai yamekufa, basi hii kazi ni ya kwenye vitabu.”

Hapo nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, Mama, yote yamepangwa: betri ile ndiyo iliyokuwa tumbo. Lakini Mzee Asumani akaweka kikombe chini.

“Betri yako hii, ndugu yangu,” akamwambia Baba Mkubwa, “sauti ilifika mpaka ng'ambo ya soko. Watu walikuja ambao simjui hata mmoja. Mama Hadija amepata heshima yake. Mungu akulipe.” Na machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele yangu.

Baba Mkubwa akamshika bega. “Wewe tena? Niliona mashine iko na betri yake, hii imekaa tu. Ningekunyimaje?”

Nikachukua vikombe, nikaenda kuviosha.

Sasa natoka na Mama Mkubwa kila asubuhi. Tunapanda mlima wa machimbo na beseni la wali na maharagwe, mimi mbele, yeye nyuma. Wachimbaji wananiita, siitikii, Mama Mkubwa ndiye anayewajibu, na majibu yake sitayaandika hapa. Mezani dukani atakaa fundi mmoja kutoka Lusangi. Kadi nimeifunga kwenye kitambaa. Rele nimezichomoa kwa sababu huyo fundi ameziomba.

Nakuomba neno moja tu. Baba Mkubwa akikupigia, usimwambie. Nimelifikiria kila ninapopanda ule mlima. Nikimwambia, kila atakapokumbuka kilio cha rafiki yake atakumbuka na mayai, na meza haitarudi, kwa sababu mayai ya watu yamekwisha na hakuna atakayeniletea mengine. Yeye hakukosa. Zaina hakukosa. Mzee Asumani hakukosa. Na nikiangalia nyaya zangu moja moja, hata mimi sikukosa. Kama kungekuwa na kosa mahali ningelitengeneza, hiyo ndiyo kazi niliyoiweza. Hapa sioni pa kushika.

Nisalimie Koko, mwambie avae sweta asubuhi. Nisalimie kaka Amisi na mke wake, na mtoto wao ambaye sijamwona bado. Msalimie shangazi Mwajuma wa kwenye cherehani. Mwalimu wangu ukikutana naye sokoni, msalimie pia, lakini akiuliza habari ya kadi, sema tu kwamba iko salama, ni kweli.

Na wale mama wa msikitini uliowaambia kwamba binti yako ni fundi huku Salamabila, usiwaambie tena hivyo. Waambie nauza wali. Ni kazi ya halali, na ndiyo ninayoifanya.

Niombee, Mama, na uupumzishe mguu.

Ni mimi mtoto wako,
Mwamini