Mistari Miwili ya Twahiru

Jumanne, 3 Novemba 1992

Tumelazwa. Mwanangu ana malaria. Miguuni pa kitanda wamebandika karatasi ya miraba, kila wakimpima wanatia nukta, wanaiunga na ya nyuma. Kama kadi yake ya kilo. Asubuhi mstari umepanda, jioni ukapanda tena. Baba yake alipoleta uji nikamwambia: mtoto anapanda. Akateremka mbio kwenda nyumbani Remera kumtuliza mama mkwe wangu.

Jumatano, 4 Novemba

Aibu gani hii. Muganga Illuminée kanikuta natabasamu mbele ya karatasi, kauliza nacheka nini. Nikamwonyesha. Akanivuta pembeni: mama Twahiru, uliza kwanza mstari unapima nini. Kwenye kadi ni kilo. Hapa ni homa. Ukienda kulia ni saa, ukipanda juu ni moto wa mwili.

39 na nusu! Na mimi nafurahi.

Nyiransabimana wa kitanda cha pili akasema ningewaita wodi nzima wapige vigelegele. Tukacheka. Kisha nikaenda kulia chooni.

Baba yake nimemwambia. Alivua kofia, akaivaa tena.

Alhamisi, 5 Novemba

Serumu ya kwinini inamdondokea mshipani. Leo nasoma mwenyewe. Kidole chini kwenye saa, nakipandisha hadi kwenye nukta, nakipeleka kushoto kwenye namba. 38 na nusu. Nikamshika mguu pia, nisije nikadanganywa tena. Kweli, umepoa kidogo.

Ijumaa, 6 Novemba

37. Nilitaka kufurahi, nikajizuia. Siku hizi naogopa mistari.

Ndipo wakamweka kwenye mizani. Mwezi jana kilo nane na nusu, leo saba na kitu. Nukta ya kadi imeanguka nje ya njia iliyochorwa. Mistari yote miwili imeshuka — mmoja niliuombea ushuke, mwingine nilitaka upande.

Illuminée anasema homa ikipanda mtoto hali, kilo zinashuka. Lakini homa ikishuka, kilo hazipandi zenyewe. Zinapandishwa na kijiko. Asipokula mpaka jioni watamtia mpira wa kumlishia puani.

Toka asubuhi anatema. Nyiransabimana kanipa sukari yake, eti mfalme huyu hataki uji wa maskini.

Baba yake yuko mlangoni. Anauliza, safari hii nikamwambie mama nini?

Angoje.

Naandika kwa mkono mmoja. Kijiko nimekitoa sasa hivi, mashavu yamejaa uji. Ananitazama tu. Hajatema. Koo bado halijacheza, hajameza —