Bati Zilizosimamisha Sinema ya Mama

Mbinga,
Jumatano, 16 Julai

Dada Rosina mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Tunduru. Sisi tupo, mama anakohoa kidogo kwa upepo wa ziwani, lakini jembe hajaliweka chini. Ningekupigia simu, ila nakujua, ungekata kabla sijamaliza, na safari hii lazima unisikilize mpaka mwisho.

Ni habari ya ile sinema. Unakumbuka mwaka juzi watu wa kampuni walivyokuja Mbamba Bay, wakamchagua mama yetu awe mama wa mhusika mkuu. Walipiga picha wiki mbili pale nyumbani, mvua zikawafukuza kazi ikiwa nusu. Walimwambia avitunze vitenge alivyovaa na asibadilishe kitu, watarudi. Mama akavifunga kwenye begi, hata kanisani havivai.

Mimi sinema ndiyo ugonjwa wangu, na kibanda changu cha kuonyeshea hapa Mbinga ndicho kinachonilisha, kwa hiyo hawa watu nawajua. Sehemu ya kwanza wanakupa mbiombio, ya pili utaambiwa iko jikoni mpaka uote mvi. Wakasema Mei. Mei ikawa Juni, mara kamera imeharibika, mara mhusika mkuu amesafiri, mara mfadhili bado anatafutwa. Huku mama hapiti dukani kwa Mama Rukia bila kuitwa msanii na kuulizwa ataonekana lini. Pale anacheka nao, akifika nyumbani ananipigia mimi kuniuliza. Iliniuma sana. Niliwaita matapeli kwenye kila kundi la WhatsApp, na watu wa mwambao mzima wakanifuata kuwatukana. Hata wewe uliniunga mkono.

Sasa dada, kaa chini.

Zile bati tulizochanga mimi na wewe, nilizipiga Agosti mwaka jana baada ya mauzo ya kahawa, mama akiwa Chiwanda kwenye semina ya WAWATA, ile ya wanawake Wakatoliki. Nilitaka akirudi akute nyumba inang'aa, na mtoto gani wa kiume hataki kumwezekea mama yake bati? Aliporudi alishukuru mbele ya majirani, kisha akaniuliza pembeni kama watu wa sinema wanajua. Nikamwambia hao walishatukimbia zamani.

Hawakuwa wamekimbia. Wiki ileile Masoudi, mwongozaji wao, alinipigia kusema kila kitu kiko tayari, nimtumie picha ya nyumba. Nikaituma kwa majivuno. Akaniuliza kwa upole wa watu wa pwani, kama mama ameingia mlangoni chini ya nyasi, atatokaje chini ya bati. Alisema nyumba irudi kama ilivyokuwa, la sivyo kazi inasimama. Nilimjibu vibaya nikakata simu. Mama nikamwambia wameahirisha tena. Mwaka mzima, dada, aliyesimamisha sinema ya mama ni mimi, na aliyeongoza matusi ni mimi huyohuyo.

Wiki iliyopita Masoudi amepiga tena. Watakuwa Songea kwa kazi nyingine, na tarehe thelathini wanaweza kushuka ziwani. Wakikuta bati, basi, hawarudi tena.

Jumapili nikashuka Mbamba Bay, nikapiga magoti, nikamweleza mama yote. Nilitegemea atalia au atanisamehe. Hakufanya hata moja. Alisema ametuzaa, ametulimia, amemuuguza baba mpaka siku ya mwisho, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Zile wiki mbili ndiyo mara ya kwanza kufanya kitu kwa sababu anakipenda na anakiweza. Akasema nilimnyang'anya kitu chake, halafu kila wiki nikawa nampigia kumpa pole.

Jumatatu naezua. Kibanda nimekifunga, Mzee Pankras anayejua kuezeka nyasi amekubali, na nyasi zenyewe nimeanza kuzikata kwa mikono yangu. Sikuombi ruhusa, nakuomba radhi. Bati zako zitakaa salama mpaka kazi iishe, na atakayesema ziwekwe tena au zisiwekwe ni mama. Kwenye yale makundi nimeandika ukweli wote, na sasa natukanwa mimi. Wacha wanitukane.

Nisalimie shemeji na wajomba zangu wadogo, uwaambie nawakumbuka. Mama hajanipigia tangu Jumapili. Ukiongea naye, tafadhali usinitetee.

Ni mimi mdogo wako,
Hamphrey