Salamu kwa Wauza Rangi

Jumanne, Garissa. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, nami sikaliki. Nimefagia ua, nikaufagia tena. Chai niliyojimiminia imepoa nikiitazama.

Mnada ni keshokutwa.

Kwa asiyejua: mimi ni katibu wa chama chetu cha wafugaji wa ngamia, na chama kimeomba neno la kumalizia anwani za mtandao kwa shirika la kimataifa linaloyagawa. Wengine humalizia kwa .com, sisi tunataka .geel. Geel ni ngamia kwa Kisomali. Tunataka mama muuza maziwa wa Habaswein na dalali wa Griftu wapatikane chini ya neno moja, na neno liwe la kwetu. Adeer, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, ndiye mwenyekiti. Husema mali ya kuhama huisha kwa ukame, lakini jina halifi kiu.

Kumbe geel ni neno la Kiholanzi pia, maana yake manjano. Kampuni moja ya rangi za ukuta huko Ulaya imeomba neno hilohilo. Nilipomweleza Adeer alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Mimi sikucheka. Neno moja halipewi watu wawili, ndiyo maana tunaenda mnadani.

Peke yetu tusingethubutu. Upo mpango wa kuwashika mkono waombaji wasio na uwezo: tumepunguziwa ada, tumepewa mshauri bila malipo, na siku ya mnada dau letu litaongezewa kitu ili tusishindwe kabla ya kuanza. Mshauri alitukanya jambo moja kwenye simu ya video, nami nikawatafsiria wazee: mpaka mnada uishe, hakuna kuzungumza na mshindani. Anayevunja sheria hiyo anaweza kuondolewa. Wazee wakaitikia kwa vichwa, Adeer wa kwanza.

Leo asubuhi nikaenda saiba kuchapisha maelekezo ya mnada. Mutua, mwenye saiba, akaniuliza kama wale Wazungu wa Adeer wameshajibu.

Wazungu gani?

Jana Adeer alimwandikisha Mutua barua pepe kwa wauza rangi. Niliisoma pale pale kwenye kompyuta. Assalamu alaikum. Sisi ni watu wa ngamia. Tumesikia tunataka kitu kimoja. Hatuna ubaya nanyi, na Mungu akiwapa nyinyi tutasema alhamdulillahi. Mkifika Garissa mtakunywa maziwa kwetu. Basi, ni hayo tu. Nilitoka bila kuchapisha chochote.

Nilimkuta Adeer soko la mifugo, mkono wake na wa mnunuzi ndani ya shali moja, wakipatana bei kwa vidole ili wengine wasione. Nilisubiri huku nachemka. Alipomaliza nikamuuliza kwa Kisomali amefanya nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha soko, nadhani alitaka mnunuzi wa Nairobi awe shahidi.

"Hodan, mimi hakuna taja bei. Mimi nasalimia tu. Salamu si mazungumzo, salamu iko mbele ya mazungumzo. Hata hapa, mtu akitaka ngamia ile wewe unataka, munabeana salamu kwanza."

Nilikasirika, na ninaona aibu kwa sauti niliyotumia mbele ya mgeni. Kinachonikera zaidi ni kwamba namwelewa. Kwetu, kumpita mshindani wako bila kumsalimia ndiyo dalili ya njama. Kwa wenye mnada, kumsalimia ndiyo njama.

Sitasema uongo, nilitamani kunyamaza. Nilimweleza Adeer njia zilizopo: tukae kimya tuombe Mungu, au nimwambie mshauri na huenda tukatolewa, na jasho letu lote liende na upepo huu. Hakufikiri hata kidogo.

"Andika. Sema ni mimi. Weka jina yangu yote, mbaka ya babu."

Halafu akauliza, taratibu, kama wao wamejibu. Nikasema bado. Hilo ndilo lililomwumiza. Kuondolewa mnadani hakukumbadilisha uso, lakini salamu kukosa jibu kulimbadilisha.

Nimemwandikia mshauri kabla ya adhuhuri. Sasa ni baada ya alasiri na hajasema lolote. Naishika simu, naiweka, naishika tena. Na wazo jingine limenijia, wala halinitulizi: sheria inayotufunga sisi inawafunga na wao. Huenda kuna mtu huko, katikati ya makopo yake ya manjano, ameisoma salamu ya Adeer na anatamani kuijibu, lakini amekatazwa. Au ameshatushtaki?

Simu imelia, nikaruka. Ni Adeer, anauliza kama wamejibu.

Nikamwambia mshauri bado yuko kimya.

"Si huyo," akasema. "Nauliza watu ya rangi."