Macho ya Namnyaki

Jumanne, Enguserosambu. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Sina hamu ya kuandika, ila nisipoandika nitagombana na ukuta.

Leo baba yake Namnyaki alikuja shuleni.

Namnyaki ni mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Hasikii tangu alipougua homa akiwa mdogo. Shule yetu ni ya bweni na inapokea watoto wote, lakini kati ya walimu ni mimi peke yangu niliyewahi kupelekwa semina ya lugha ya alama. Basi mtoto yeyote asiyesikia, asiyeona vizuri au anayechelewa kusoma, wenzangu wanamsukuma kwangu. "Huyo ni wa madam," wanasema. Utadhani nimewazaa mimi.

Namnyaki alipofika, kazi ya kwanza haikuwa alama wala kusoma. Ilikuwa kumfundisha kuniangalia. Mtoto wa Kimaasai aliyelelewa vizuri hamkazii mkubwa macho. Anakuja, anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini, salamu imekwisha, anakwenda zake. Mimi ni Mwiraqw wa Mbulumbulu. Salamu hiyo nimeiona miaka yote na kuipenda, sikuwaza kwamba siku moja itanikwamisha. Nilikuwa naongea kwa mikono, na yeye anaangalia viatu vyangu.

Ilichukua karibu mwaka mzima. Wenzake nao walijifunza kumgeukia kabla ya kujibu swali. Sasa hivi macho yake hayabanduki. Hesabu za sehemu anazijua kuliko wengi, na mwalimu akiongea huku ameuelekea ubao, Namnyaki anagonga dawati mpaka mwalimu ageuke. Nilijivunia hilo. Nilijivunia sana.

Baba yake alikataa kiti. Alisimama nje ya ofisi, ameegemea fimbo.

"Mwalimu, huyu mtoto wangu sasa ananiangalia usoni kama mtu wa rika langu."

Nilimweleza kwamba asipoangalia hajifunzi, kwamba kwake macho ndiyo masikio. Alisikiliza yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa baba mkali asiyetaka binti asome, na huyo ningepambana naye vizuri tu. Huyu hakuwa mkali. Alisema likizo iliyopita wazee walifika bomani kwake kwa sherehe ya kijana wake mkubwa, na mzee mmoja alipokuwa akiwabariki, Namnyaki alimkazia macho toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi najua alikuwa anatafuta maneno kwenye midomo ya yule mzee. Wazee hawakujua.

"Kutosikia wanamhurumia," aliniambia. "Kukosa adabu hawamhurumii mtu. Na mimi nikifa, ataishi na nani?"



Tulikubaliana kwamba shuleni aangalie, nyumbani ainamishe. Akirudi Krismasi akiwa vilevile, Januari hatamleta. Hakusema kwa kutisha. Alinishukuru kwa kumlea mtoto, akaondoka kuwahi ng'ombe.

Jioni nilimwita Namnyaki kando ya jiko. Nikaanza na katazo, kama tunavyoanza walimu wote: baba amekuja, amesikitika, wakubwa usiwaangalie usoni. Alinifuata kwa makini mpaka nilipofika hapo. Halafu akainamisha macho.

Na mimi nilikuwa sijamaliza.

Mikono yangu ikaendelea yenyewe: ni nyumbani tu, hapa uniangalie, hapa hujakosea kitu. Hakuna aliyekuwa anaiona. Nikamgusa kichwani ili ainue uso. Akadhani ni salamu, nimempa ruhusa ya kwenda. Akageuka, akatembea taratibu kuelekea bwenini, binti mwenye adabu zake zote.

Ningeweza kumfuata. Sikumfuata. Nilibaki pale na hasira ambayo sina wa kumpa. Baba yake siwezi kumchukia, maana anamwogopea mwanawe kama ninavyomwogopea mimi. Wazee wa watu hawakumkosea mtu. Na nikimwacha aangalie, nitampoteza Januari; nikimwinamisha, nitampoteza hata kabla ya hapo, akiwa amekaa palepale kwenye dawati la mbele. Kila nikigeuka naona ukuta.

Kesho asubuhi nitamwandikia ubaoni yale ambayo hakuyaona. Ni msomaji mzuri, ataelewa mara moja. Hilo halinisumbui.

Kinachonisumbua ni kwamba mpaka jana hakujua kuwa macho yake yanamuumiza baba yake. Leo anajua, na aliyemwambia ni mimi.